Babu Anatosha

Lamwaka alikuwa na kipaji cha kudharau, na alikipata mapema, kabla hata hajajua kufunga vifungo vya sare ya shule. Alikulia Nsambya, kwenye kambi ya polisi, ambako nyumba zimebanana hata jirani akikohoa wewe ndiye wa kumwambia pole. Katika mbanano ule mtoto huzoea watu au huwadharau, na yeye alikwisha kuchagua. Aliwadharau askari walevi, akawadharau wake zao waliokesha wakiwangoja walevi hao, akawadharau na walimu waliofika darasani na fimbo bila chaki. Hata jina lake, ambalo Waacholi humpa mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka mpya unapoingia, alilitaja kama mtu anayetaja cheo.

Ajabu ni kwamba dharau ile ilimfikisha mbali. Wenzake walipoolewa, yeye alisoma. Sasa wanahangaika kutafutia watoto wao shule, naye yuko chuo kikuu pale juu ya Wandegeya, anachukua shahada ya uzamili ya tiba ya jenomu. Ukimwuliza ni kitu gani hicho, kwanza atakutazama aone kama unastahili jibu. Kisha atakwambia, polepole, kwamba ndani ya kila chembe ya mwili wa mtu yamo maagizo yote ya kumjenga, nusu ameyapata kwa baba na nusu kwa mama. Kwamba maagizo yote hayo kwa pamoja ndiyo jenomu. Na kwamba daktari wa kesho atayasoma hayo kwanza, ajue ni saratani gani inakunyemelea na dawa gani itakudhuru, kabla hujafungua mdomo kusema unaumwa wapi.

Kambini hawakutaka habari za saratani. Walisikia DNA, wakaishia hapo hapo. Wanaume wakaanza kumvizia njiani. Mmoja alimletea nywele za watoto wake, kila mtoto na bahasha yake.

"Dada daktari, nisaidie. Hii mtoto ya tatu mimi sielewi."

Huyo alikuwa mwanamume ambaye hajawahi kumnunulia mtoto yeyote daftari, wa kwanza wala wa tatu, na leo amepata pesa ya bahasha. Lamwaka alimrudishia nywele zake.

"Enda utengeneze wigi," akamwambia.

Chuoni nako hakupungukiwa na watu wa kudharau. Lakini nafasi ya kwanza aliipata Aristide, kijana wa Kikongo aliyepanga Bukoto, mpole, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kusema, jambo ambalo Lamwaka aliliona ni uzito wa kichwa. Mwalimu wao wa maabara alikuwa ametangaza zoezi: anayependa alete mate yake mwenyewe na ya mzazi wake mmoja, yeyote kati ya wawili, wajifunze kuona kwa macho yao nusu ile inavyopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mwana. Wote walipenda. Aristide peke yake alisema ataomba muda afikirie.

"Unafikiria nini?" Lamwaka akamwuliza mbele ya wenzao, kwenye kibanda cha chapati. "Daktari anayeogopa mate ya baba yake! Wewe ungesomea ualimu wa chekechea. Mimi naleta ya mzee wangu, mate ya sajenti, utaona yatakavyosimama wima kwenye kichupa."

Wenzao wakacheka. Aristide naye alicheka kidogo, akaendelea kula.

Yapo masomo ambayo Lamwaka aliwashinda wote, na mojawapo lilikuwa la ushauri nasaha: namna ya kuongea na mtu kabla hajapimwa. Kanuni yake haina ugumu. Kabla hujamgusa mtu, mwulize kila jibu linaloweza kutoka litamfanya nini yeye, na litamfanya nini kila mtu anayelala naye chini ya paa moja. Kwenye mtihani, mwanafunzi mwenzake alijifanya mgonjwa, Lamwaka akajifanya mshauri, akaongoza darasa. Mgonjwa wa kweli alikuwa hajawahi kumwona.

Nyumbani walikuwa wanne na mtoto. Baba yake, Odur, alikuwa sajenti aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache ambaye miaka mingi ya kukaa kaunta ya kituo, akisikiliza uongo wa asubuhi na uongo wa jioni, ilikuwa imemchosha na mazungumzo. Mama yake, Laker, alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi cha akina mama, na kwa kuwa Mungu alikwisha kumsamehe yeye, hakuona haja ya kusamehe mwingine yeyote. Okwir, kaka yake mkubwa, naye polisi, alikuwa Mogadishu kulinda amani. Amani ya nyumbani kwao hakuna aliyetumwa kuilinda. Alikuwa amemwachia mama yake mke, Annick, Mkongo aliyetoka Bukavu mdogo akikimbia vita, pamoja na mtoto wao wa kiume, Tresor, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.

Laker hakumtaka Annick. Alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe msichana wa Gulu, mwalimu, na mwana akamletea mkimbizi mwenye jamaa wachache tu Bukoto, asiye na shangazi wa kujadiliana naye mahari. Basi akatafuta kosa, na atafutaye hakosi. Akaliona kwenye miguu ya mtoto.

"Sisi watu ya kwetu miguu ni ndefu," alikuwa akisema, kwa Kiswahili ili Annick asikose neno. "Hii miguu fupi imetoka wapi? Okwir akirudi, apimwe DNA. Siku hiyo tutajua."

Wimbo ndio huo asubuhi, ndio huo jioni. Mtoto mwenyewe hakumwita jina lake hata mara moja. Alimwita "mtoto ya Annick". Annick alikuwa na jibu lake, hakulibadilisha.

"Mama, Okwir akuye tu, apimwe. Miye siogope."

Lamwaka aliwadharau wote wawili, mama kwa kelele na wifi kwa kuvumilia. Angeweza kusema neno la kumtetea Annick. Alikuwa dada mtu, na alikuwa msomi. Aliona mambo ya miguu ya mtoto yako chini ya elimu yake.

Jioni moja Odur, akila maharage, akauliza kama lazima kweli wamngoje Okwir. Laker alikuwa nje, anapuliza sigiri iliyogoma kuwaka, na Annick alikuwa anamwogesha mtoto kwenye karai. Baba hakuwa na kawaida ya kumwuliza binti yake habari za masomo, na Lamwaka, aliyengoja swali kama hilo tangu darasa la kwanza, alivimba kichwa. Akachukua maharage matatu, akayapanga ukingoni mwa sahani.

"Huyu ni wewe, Baba. Huyu ni Okwir, na huyu ni mtoto. Kuna kipande kimoja cha urithi ambacho baba anampa mtoto wa kiume peke yake. Sisi wasichana hatupati. Wewe unampa Okwir vile vile ulivyokipokea, Okwir anampa mtoto wake vile vile. Kwa hiyo hata kama Okwir hayupo..." Akaliondoa harage la katikati, akalitia mdomoni. "Babu anatosha."

"Babu inatosha," Odur akarudia, akiyatazama maharage mawili yaliyobaki.

"Kabisa."

Kanuni ile iliyomfanya aongoze darasa, ya kuuliza kila jibu litamfanya nini kila aliyelala chini ya paa, ilikuwa kichwani mwake imelala fofofo. Hakuna kitu kinacholaza kanuni kama kusifiwa na baba.

Odur hakumwambia mtu. Alikuwa amechoka na wimbo wa miguu, akataka kumfurahisha mkewe, au kumnyamazisha. Kwa mwanamume wa umri wake hayo ni jambo moja. Siku yake ya mapumziko alimbeba Tresor, akasema wanakwenda kununua biskuti. Wakaenda hadi Wandegeya, kwenye kliniki moja iliyotundika bango linalotangaza DNA kama watu wanavyotangaza kuku wa kuchoma, wakapanguswa ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba, babu na mjukuu, na biskuti wakanunua kweli.

Majibu yalipotoka, aliyaleta nyumbani yamekunjwa mfukoni mwa shati, akampa Lamwaka. "Soma."

Lamwaka akasoma. Vipande vile vya wanaume, cha Odur na cha mtoto, havikufanana hata kidogo. Na huyu msomi wetu, aliyefundishwa kutohukumu, wazo lake la kwanza lilimwendea Annick moja kwa moja. Kumbe wimbo wa mama ulikuwa umemwingia na yeye, pamoja na elimu yake yote.

Laker akaingia na chungu cha mboga ya malakwang mkononi. Odur akamwambia bila kuinua sauti, "Mama Okwir, ulisema ukweli. Tumepima. Mtoto hana damu yetu."

Mwanamke aliyengoja habari hiyo tangu mtoto azaliwe alipaswa kupiga vigelegele hadi lango la kambi. Laker hakupiga.

"Mmepima nani?" akauliza.

"Mimi na mtoto."

"Wewe? Kwa nini wewe? Si nilisema Okwir?"

"Babu inatosha. Daktari wako hapa ndiye alisema."

Laker aliweka chungu juu ya meza, akakosa meza. Malakwang ikamwagika sakafuni, naye akaketi juu ya gunia la mkaa, akakaa pale na kitenge chake kizuri cha Jumapili kikiingia weusi. Uso wa namna ile Lamwaka hakuwahi kumwona nao. Hapo ndipo harage la katikati, lile alilolitafuna kwa maringo, lilipomrudia kooni. Kati ya babu na mjukuu kuna Okwir. Uzi ukikatika, unaweza kukatika chini yake au juu yake, na ndani ya nyumba ile walikuwamo wanawake wawili waliozaa watoto wa kiume.

Mama yake alipoinuka akatoka, Lamwaka alimfuata nje, kwenye sigiri.

"Hizo mashine ya Wandegeya ni uongo," Laker akasema kabla hajaulizwa. "Wanatafuta pesa."

"Mama, si wewe uliyetaka?"

"Nilitaka Okwir! Okwir na mtoto yake! Nani aliwaambia waguse Mzee?"

Maneno yakamtoka hivyo hivyo, akabaki anayatazama. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa amechimba, akiimba, na wala hakuwa amemshuku mjukuu wake kwa dhati. Alitaka tu fimbo ya kumpigia mkwewe. Lamwaka akangoja aseme lolote linalofanana na toba. Mama akamshika mkono.

"Wewe nyamaza tu, mwanangu. Annick bado msichana. Ataenda kwa watu yake Bukoto, atapata mume ingine. Mimi nitaenda wapi na huu umri?"

Lamwaka aliutoa mkono wake. Katika maisha yake aliwahi kudharau watu wengi kwa makosa madogo madogo, na sasa, mbele ya kosa kubwa, dharau haikumtosha. Alitaka kulia. Na zaidi ya hapo, Mungu amsamehe, hakuahidi kusema.

Jumapili kikao kikaitishwa. Akaja Obita, mdogo wake Odur, msimamizi wa walinzi kwenye duka kubwa, mtu ambaye hakuwahi kukosa kikao chenye kuku wala kuhudhuria kisicho na kuku. Akaketi kwenye kiti cha mbele, akala paja la kwanza, akasikiliza habari, akala la pili, kisha akafuta midomo na kutoa hukumu.

"Damu imekataa. Mwanamke arudi kwao na mtoto yake. Hakuna kesi hapa."

Laker alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa. Aliangalia birika.

Annick akasimama, Tresor amelala begani mwake. "Bazee, miye sina kosa. Muite Okwir, mupime yeye na mutoto wake." Kisha akamgeukia Laker. "Mama, ni wewe njo ulikuwa unasema kila siku. Leo useme. Uliniona na mwanaume gani? Useme mbele yabo."

Maji ya birika la Laker yakawa yanamwagika kidogo kidogo juu ya miguu yake mirefu. Annick akangoja, na alipoona jibu haliji, akainama kuchukua mkoba wa nguo za mtoto. Alikuwa amekwisha kuufunga tangu asubuhi. Akapita katikati ya viti, na Lamwaka akaona kwamba hatua chache zilizobaki hadi mlangoni ndizo muda wote alionao yeye wa kuwa mtu.

"Baba mdogo," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, si ile ya maharage. "Hiyo karatasi haijamtaja Annick."

"Imetaja nani sasa?" Obita akauliza, akitafuta kipapatio.

"Haijataja mtu. Imesema uzi umekatika kati ya Baba na mtoto. Haikusema umekatikia wapi. Katikati yao kuna Okwir."

Obita akatafuna. Hakuelewa, na hakuwa mtu wa kuacha kuku kwa ajili ya kuelewa. Lakini Odur alikuwa amekaa kaunta miaka yake yote, akipokea taarifa zilizopungukiwa neno moja, na kazi yake ilikuwa kulijua neno lililopungua. Akaacha kula. Hakumtazama mkewe. Aliyatazama maji yaliyomwagika mlangoni, kisha akamwita Annick arudi aketi.

"Mashine imekosea," akasema.

"Mzee, lakini..." Obita akaanza.

"Mimi nilipeleka ng'ombe kwa baba ya Laker. Nilipeleka zote, haikubaki hata ndama. Okwir alizaliwa kwa nyumba yangu, ni yangu. Mtoto ya Okwir ni yangu. Kitanda haizai haramu. Nani ako na swali?"

Obita aliutoa mfupa mdomoni taratibu, na nadhani hapo ndipo akili yake ilipofika, kwa kuchelewa, na yenyewe ikaona ni heri irudi ilikotoka.

"Na ng'ombe ya huyu Annick bado," Odur akaendelea. "Watu yake wako hapa Bukoto, tuliwadharau kwa sababu ni wakimbizi. Tutaenda. Obita, utaenda na mimi. Mama Okwir, lete maji watu wanawe."

Laker akaleta maji. Alipofika mbele ya Annick alipiga magoti, kama anavyopaswa kumpigia mgeni mkubwa, akamnawisha. Annick alinyoosha mkono mmoja tu. Wa pili ulikuwa umeshika mtoto.

Asubuhi yake karatasi ile ilitumika kuwashia sigiri, na tangu siku hiyo hakuna bibi kambini anayempenda mjukuu kama Laker. Ukipita utamsikia anamwita "Tresor! Tresor wangu!" mpaka jirani anajua jina. Anawaonyesha wanawake wa maombi miguu ya mtoto, ambayo kwa neema ya Mungu imerefuka, na anawauliza kama hawaoni ni miguu ya babu yake tupu. Habari za DNA akizisikia anasema ni ushetani. Annick anamwachia afue nguo za mtoto, zote, na hamwambii asante. Msamaha nao hajautoa, na sioni kwa nini angeharakisha.

Odur hakulizungumza jambo lile tena. Siku moja tu, akipiga viatu rangi, alimwuliza Lamwaka masomo yake yanaisha lini.

"Mwaka ujao, Baba."

"Vizuri. Ukimaliza, ufanye kazi huko huko. Hapa usilete."

Alisema bila hasira, akaendelea na kiatu cha pili. Lamwaka alisimama pale akimtazama kidevu, kisha masikio, kisha vidole vilivyoshika brashi, kisha vidole vyake mwenyewe. Akaona anachokifanya, akaingia ndani.

Siku ya zoezi, maabara ilijaa vicheko. Vichupa vilipangwa mezani, kila mtu na vyake viwili, na mwalimu akapita akiandika majina. Aristide alikuwa wa kwanza. Kumbe Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa baba yake, akakaa naye, akamweleza kila jibu linaloweza kutoka na kila kitu litakachoharibu, kama kanuni inavyosema, na mzee akafikiri, akacheka, akatema mate. Lamwaka alimsikia akisimulia, akaona hana cha kumcheka.

Mwalimu akafika kwake, akachukua kichupa cha pili, akakigeuza asome.

"Laker," akasoma. "Huyu ni mama?"

"Ndiyo, mwalimu. Mama."

Aristide alikuwa jirani yake mezani. Hakuwa mtu wa kulipiza. Aliuliza tu, kwa upole wake ule wa kufikiri kwanza.

"Si ulisema utaleta ya mzee wako?"

"Mzee ana kazi nyingi," Lamwaka akajibu, akavaa glavu zake.